Kinanda huunganishwa "na" kompyuta au "kwenye" kompyuta?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha vijana wa kwaya kupiga kinanda hapa Dunda, Bagamoyo. Tumepata kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, na kompyuta mpakato yenye programu ya kujifunzia muziki. Nimebandika karatasi ukutani: "Unganisha kinanda kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, fungua programu, kisha cheza kinanda. Sauti itaingia kwenye kompyuta." Mwenzangu anasema si "kwenye", ni "na". Kijana mmoja naye anasema ingetosha kuandika "chomeka". Yupi yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwa kitenzi ulichokichagua, mwenzako yuko sahihi. Kijana naye amegusa jambo la kweli, ila ni jambo jingine.

Tuanze na shina la kitenzi, kwa sababu jibu limo humo. Shina ni unga. Mvuvi huunga kamba iliyokatika, seremala huunga mbao, na jikoni mboga huungwa kwa nazi, jambo ambalo mtu wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa. Tukitia -an- ya kutendana tunapata ungana: viwili vimeshikana, kila kimoja na mwenziwe. Tukiongeza -ish- ya kusababisha tunapata unganisha, yaani kufanya viungane. Kwa hiyo ukisema "unganisha" umekwisha kutaja wawili ndani ya kitenzi chenyewe, na wawili wa namna hiyo Kiswahili huwakutanisha kwa "na".

Lipime kwa ndugu zake. Patana huzaa patanisha, gombana huzaa gombanisha. Mzee aliyesuluhisha majirani husema "nimempatanisha Asha na Mwanaidi". Hakuna atakayesema "nimempatanisha Asha kwenye Mwanaidi". Kinanda na kompyuta nao ni hivyo hivyo: unganisha kinanda na kompyuta.

Hata hivyo sitaki uifute "kwenye" kila mahali. Kila siku nasikia "nimeunganisha simu kwenye intaneti" kutoka kwa watu ambao Kiswahili chao nakiheshimu, na siwezi kuwaambia wamekosea. Intaneti wanaiona kama mahali pa kuingia, na mahali huchukua "kwenye". Lakini kinanda chako hakiingii ndani ya kompyuta. Vimekaa mezani ubavu kwa ubavu, kimoja kinasema, kingine kinasikiliza.

Kuna mtego mmoja katika hiyo "na". Ukiandika "kinanda kimeunganishwa na kompyuta", ni sentensi sahihi, lakini kwa umbo haitofautiani na "kinanda kimeunganishwa na fundi". Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja pia mtendaji. Msomaji hataamini kwamba kompyuta ilinyanyuka ikashika kebo, kwa hiyo mara nyingi hakuna hasara. Hasara huja pale "na" mbili zinapofuatana: "kinanda kimeunganishwa na kompyuta na mwalimu". Hapo mtaje mtendaji mwanzoni: "Mwalimu amekiunganisha kinanda na kompyuta." Na kama unataka kueleza hali tu, tumia umbo fupi, "kinanda kimeungana na kompyuta". Nalipenda sana umbo hili, nasikitika kuliona likisahauliwa.

Sasa "chomeka". Kitenzi hiki kinataka kitu chenye ncha na tundu la kukipokea. Kisu huchomekwa alani. Kinachochomekwa hapa basi ni kebo, si kinanda. Katika vinanda vingi kebo hiyo ina ncha mbili zisizofanana: ya mraba huingia nyuma ya kinanda, na bapa huingia kwenye kompyuta. Hapo "kwenye" yako imepata nyumba yake: chomeka kebo kwenye tundu. Kinyume chake ni chomoa.

Tofauti hii ina faida darasani. Kebo inaweza kuwa imechomekwa sawasawa pande zote mbili, na programu isipokee chochote kwa sababu kinanda hakijachaguliwa katika mipangilio yake. Kijana atakayesema "mwalimu, nimechomeka lakini hakijaungana" amekueleza tatizo lote kwa maneno machache. Wazoeshe kusema hivyo. Ndiyo maana sikubali "chomeka" peke yake itoshe.

Hukuniuliza kuhusu "cheza", lakini siwezi kuipita. Katika muziki wa Kiswahili chombo hupigwa, na anayecheza ni yule anayekwenda na mdundo kwa mwili wake. Kupiga ngoma na kucheza ngoma ni kazi za watu wawili, na katika mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, tofauti hiyo huonekana jukwaani. "Cheza" tunaiona sana kwenye vitufe vya programu, nako ina kazi yake. Kinanda chako, kipigwe.

Kinanda chenyewe usikiite kibodi katika karatasi hiyo, ingawa wanamuziki wengi husema hivyo. Kompyuta nayo ina kibodi yake ya herufi, na ziko meza moja. Kijana akiambiwa "bonyeza kibodi" atabonyeza ipi? Neno kinanda limekwisha kuhama mara moja, kutoka chombo cha nyuzi hadi chombo cha vibonyezo, na linabeba hiki cha umeme bila shida.

La mwisho ni "sauti itaingia". Hapa lugha imepotosha habari. Kinachopita katika kebo hiyo, kwa utaratibu uitwao MIDI unaotumika tangu 1983, ni taarifa: kibonyezo kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, kimeachiwa lini. Jaribu kupunguza sauti ya kinanda hadi mwisho kisha upige. Programu bado itajua umepiga noti ipi. Kwa hiyo andika kwamba kompyuta hupokea taarifa.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Chomeka kebo ya USB kwenye tundu la kinanda na kwenye tundu la kompyuta. Washa kinanda. Fungua programu, nenda kwenye mipangilio, chagua kinanda. Bonyeza kibonyezo kimoja: noti ikionekana kwenye skrini, kinanda kimeungana na kompyuta. Anza kupiga."