Mama mkwe wako hakufukuzi, mwanangu amka

Mama wa watatu ameniandikia barua ndefu, naifupisha. Ameolewa miaka 12, ana mtoto wa kiume wa miaka 11, wa kike wa 7 na mdogo wa miaka 2. Anasema mume wake ni mtu mzuri ila ana hasira, hampigi sana, mara chache tu anamkaba shingo kisha anamwachia, na hata alama haibaki. Watoto eti hawajui chochote manake mambo yakianza wanakuwa wameshalala. Malalamiko yake makubwa, na ndiyo yamejaza nusu ya barua, ni mama mkwe, ambaye alikuja kuwatembelea, na siku ya kuondoka akamvuta jikoni akamtia hela mkononi akamwambia "chukua watoto uondoke kabla hajakumaliza". Yeye akazirudisha hela kwa hasira, kwa sababu anaamini anafukuzwa ili mume aoe mwingine. Anauliza amfanyeje huyu mama, na kama akiamua kuondoka amwambie mume kwa lugha gani waachane kwa amani.

Pole mwanangu. Pole hiyo moja inatosha, tuingie kwenye mambo.

Mimi niko upande wa mama mkwe, tena sijifichi. Umemchafua ukurasa mzima lakini nikisoma alichofanya hasa naona mtu aliyemzaa huyo mume wako, anamjua tangu hajaota meno, amekaa kwenu siku chache akasikia alichosikia usiku, na akachagua kukuambia wewe mtoto wa watu badala ya kumsitiri mwanawe. Unajua ugumu wa mama kutamka neno kama hilo juu ya mtoto aliyemnyonyesha? Mama mkwe anayetaka mwanawe aoe mwingine hakupi hela wala hakuambii uende na watoto, anakuambia tuachie wajukuu zetu ushike njia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe mkuu alikufuata mpaka jikoni.

Sasa hilo la "hanipigi sana" sijaliamini hata kidogo. Kuna sentensi umeipitisha haraka haraka katikati ya habari za shule, kwamba huyu mkubwa siku hizi analala na viatu, ukimvua anasubiri utoke anavaa tena, ukaniuliza kama ni ukaidi wa kukua. Mwanangu, mtoto wa miaka 11 halali na viatu kwa ukaidi. Analala hivyo kwa sababu anajua ipo siku mtatoka mbio usiku na hataki kuhangaika kutafuta viatu gizani. Wewe unasema hajui kitu, yeye ameshajiandaa kwa safari. Na huyo wa 7 hujamsema kabisa, naogopa hata kuuliza.

Halafu la shingo. Umeliandika kama mtu anayesema mume wake anakoroma. Sikiliza, mwaka 2001 kule San Diego walipitia mafaili 300 ya polisi ya wanawake waliokabwa, na nusu yao hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho, kwa hiyo hiyo "alama haibaki" haina maana yoyote. Na utafiti mwingine wa Marekani uliotoka 2008 ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake uwezekano wa kuja kuuawa na mtu huyo huyo unapanda zaidi ya mara saba. Ndio maana mama mkwe akasema kabla hajakumaliza, yule mama hakusoma utafiti lakini anajua. Kama ulikabwa juzi na sauti inakwaruza, kumeza shida, kichwa kinakuuma au unasikia kizunguzungu, nenda hospitali na useme kwa mdomo wako "nimekabwa shingo", usiseme nilianguka, kwa sababu madhara ya kukabwa yanaweza kujitokeza baada ya masaa au hata siku, na daktari akiandika kwenye faili hiyo karatasi itakusaidia mahakamani.

Swali lako la pili sasa, umwambie kwa lugha gani. Hakuna lugha, usimwambie! Hii ndiyo sehemu wanawake wengi wanakosea, mtu anataka kuaga kiungwana, anataka wakae wayamalize kama watu wazima, kumbe wakati wa hatari kuliko wote ni pale mwanaume wa aina hii anapojua unaondoka na wiki zinazofuata baada ya kuondoka. Utamweleza baadaye ukiwa mbali, kupitia wakili au ustawi wa jamii au mtu mzima asiyeweza kutishwa. Amani unayoitafuta wewe inahitaji watu wawili na nyumba hiyo ina mmoja.

Na nyie mnaosoma pembeni mkijiona mko salama, niwaseme kidogo. Ndoa za siku hizi zimekuwa za kupigiwa picha, mtu ana jicho limevimba anachagua picha ya mwaka juzi anaiweka na maneno matamu "mume wangu nguzo yangu", mashoga mia mbili wanampongeza na kati yao hao kumi wanajua ukweli wamekaa kimya. Halafu akipiga simu saa nane usiku wanamwambia vumilia, kila ndoa ina mambo yake. Kuvumilia ni kuvumilia umaskini, ugonjwa, mama mkwe mwenye kelele, sio vidole kwenye koo. Sisi tuliofundwa zamani nasi tulidanganywa mengi kwenye hilo neno, ila angalau zamani jirani alikuwa anagonga mlango, siku hizi anaongeza sauti ya TV. Basi niache, nirudi kwa mwenye barua.

Anza na simu. Kama anajua paswedi yako, au lokesheni yako inaonekana kwake, au WhatsApp yako imeunganishwa kwenye kompyuta ya nyumbani, basi anasoma kila kitu, na barua hii ifute sasa hivi. Usibadilishe kila kitu kwa mpigo manake atashtuka, mipango yako fanyia kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, vipige picha kisha peleka nakala kwa mtu, na zile za asili zitoe kidogo kidogo, sio siku moja droo nzima ikawa tupu. Begi usilifungashe chini ya kitanda, liweke nje ya nyumba. Akianza kufoka kabla hujaondoka usikimbilie jikoni kwenye visu wala bafuni kusiko na mlango wa pili.

Pa kwenda sasa. Kwa mama mkwe usiende hata kama anakupenda, huko ndiko atakakokuja wa kwanza, na tarehe usimwambie, sio kwamba simwamini lakini mwanawe akimlilia mlangoni mama ni mama. Tafuta nyumba salama, hizi zinazopokea wanawake na watoto na anwani zake hazitangazwi, unazipata kupitia polisi, hasa kama kituo kina dawati la jinsia, au ustawi wa jamii, hospitali, mashirika ya wanawake. Ukipiga waulize kabla kama wanapokea mtoto wa kiume wa umri wa wako manake baadhi yao wana mipaka kwa wavulana wakubwa, usije ukafika mlangoni ndio ukaambiwa. Hela za mama mkwe kaziombe, msamaha uwe wa kwanza.

Watoto wote watatu unatoka nao siku hiyo hiyo. Usiseme mkubwa atakufuata akimaliza mitihani, mtihani unarudiwa, na ukimwacha baba atamtumia kukurudisha. Usiwaambie mapema, wa 7 atasema bila kujua. Huyo mkubwa mpe neno moja la siri, akilisikia ajue ni kuwachukua wadogo zake na kutoka nje kwenda kwa jirani mliyekubaliana, na kazi yake iwe hiyo tu, asijaribu kukutetea.

Ukishafika ombeni mahakamani amri ya ulinzi, yaani karatasi ya mahakama inayomkataza asiwasogelee, na ndani yake watajwe watoto na shule yao. Hili msilione dogo, kwa sababu baba akienda shuleni kuwachukua, mwalimu mara nyingi hana nguvu ya kumkatalia mzazi bila karatasi ya mahakama hata ukimlilia kwenye simu. Amri ikitoka toa nakala kadhaa, moja ya mwalimu mkuu, moja ya kituo cha polisi kilicho karibu na mnakolala, na moja itembee na wewe kwenye pochi.