Uliihama, ukaipangisha, sasa waiuza: maswali yenu ya ushuru

*Nilinunua nyumba Tudor mwaka 2009, tukaishi mpaka 2019. Tangu hapo nimeipangisha. Sasa nataka kuiuza, na dalali anasema nyumba ya mtu ya kuishi haitozwi ushuru. Ni kweli? – Mama wa watatu*

Mama, dalali amekupa nusu ya habari. Hapa Kenya, anayesamehewa ushuru wa faida ya mtaji, yaani ule wa faida unayopata ukiuza mali, ni yule aliyeikalia nyumba yake mfululizo kwa miaka 3 kabla tu ya kuiuza. Hilo "kabla tu" ndilo linalokutoa wewe. Ile miaka kumi mliyoishi haikusaidii, kwa sababu aliyelala humo hii miaka ya mwisho ni mpangaji.

Utatozwa 15%. Ushuru huu uliporudishwa mwaka 2015 ulikuwa 5%, ukapandishwa Januari 2023. Lakini usishtuke, hautozwi kwenye bei, watozwa kwenye faida. Tuseme ulinunua kwa milioni 6, wakili na ushuru wa stempu vikala laki 4, kisha ukaongeza vyumba kwa milioni 1.6. Hizo ni milioni 8. Ukiuza kwa milioni 14 na dalali na wakili wakachukua laki 5, mkononi wabaki na 13.5. Faida ni milioni 5.5, na ushuru wake Sh825,000.

Vyumba hivyo vitahesabiwa ukiwa na ushahidi. Tafuta risiti za saruji na mabati, mkataba wa fundi, hata kumbukumbu za M-Pesa. Rangi na bomba lililobadilishwa ni matengenezo tu, usiyatie humo. Na kama washangaa kwamba shilingi ya 2009 yalinganishwa na ya leo kana kwamba bei ya unga haijapanda, hata mimi naona si haki, ila ndivyo hesabu ilivyo.

*Kaka yangu yuko Marekani. Asema ukikaa miaka 2 kati ya 5 husamehewa. Mbona nyinyi mwasema 3?*

Kaka yako hajakosea, ila anasoma sheria ya huko. Marekani, aliyeishi katika nyumba yake miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza husamehewa faida hadi dola 250,000, japo ule uchakavu wa nyumba aliokuwa akiukata kwenye mapato ya wapangaji hurudi kutozwa ushuru akiuza. Nyumba iliyoko hapa Mombasa inafuata sheria ya Kenya. Ukitaka msamaha wa hapa, mtoe mpangaji kwa taratibu, rudi ukae miaka 3 na uweke bili za stima kwa jina lako.

*Napokea kodi ya Sh35,000 kwa mwezi, Bamburi, na sijawahi kulipia ushuru. Nikiuza nitajulikana?*

Usiiweke hivyo, mwanangu. Kuhamisha umiliki lazima upitie iTax, mtandao wa mamlaka ya ushuru (KRA), kwa PIN yako, na swali la nani alikuwa akiishi humo ni rahisi kuulizwa. Kodi ikiwa kati ya Sh288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hulipiwa 7.5% ya yote bila kukata gharama yoyote. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa 10%. Wewe wapata Sh420,000, kwa hiyo ni Sh2,625 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Nenda KRA mwenyewe kabla hujaitwa, ueleze miaka uliyopitwa, na kama deni ni zito omba ulipe kwa mafungu.

*Mnunuzi ataka mkataba uandikwe bei ya chini. Nikubali?*

La. Yeye ndiye mlipaji wa stempu, 4% hapa mjini, ndiyo maana anabembeleza, na mthamini wa serikali atakuja kukadiria vilevile. Akikataa kukulipa zile pesa ambazo hazikuandikwa, utamshtaki kwa karatasi gani?

*Ushuru wa faida hulipwa lini?*

Siku utakapokamilishiwa pesa zako au siku umiliki utakaposajiliwa, ile itakayotangulia. Mlipaji ni muuzaji. Pesa hiyo itenge siku hiyo hiyo, kabla jamaa hawajasikia kwamba nyumba imeuzwa.