Gololi Ikitoka Mezani: Kuielewa Milinganyo ya Kitu Kilichorushwa

Wengi wanaoanza jaribio la kutafuta kasi ya gololi inayotoka mezani huikariri milinganyo yote, kisha hukwama kwenye swali la kwanza: nianze na upi? Anza na wima, kwa sababu ndiko muda unakopatikana. Gololi inayotoka kwenye ukingo wa meza kwa mlalo haina kasi yoyote ya kwenda chini mwanzoni, kwa hiyo h = ½gt², ambapo h ni kimo inachoanguka, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na t ni muda wa kuanguka. Kimo kikiwa mita 0.80 na g ni 9.8 m/s², t inakuwa sekunde 0.404, iwe gololi imetoka polepole au kwa kasi. Ukishapata t, hamia kwenye mlalo. Huko hakuna mchapuko, ni R = vt tu: R ni umbali wa mlalo, v ni kasi ya gololi inapotoka. Ikiangukia mita 0.60 kutoka mezani, v ni 1.49 m/s hivi. Chora safu mbili kwenye daftari, mlalo na wima, na usikubali g ivuke kuingia safu ya mlalo. Kitu pekee kilichomo kwenye safu zote mbili ni t.

Saa ya kubonyeza iache. Kidole huchelewa takriban sekunde 0.2, nusu nzima ya muda unaoutafuta.

Sasa vifaa. Funga mezani kwa klampu reli iliyopinda ambayo gololi itashukia, kisha hakikisha sehemu yake ya mwisho imelala sawasawa. Weka gololi pale: ikibiringika yenyewe upande wowote, rekebisha. Hapa ndipo data nyingi huharibikia, tena kimyakimya. Mwisho wa reli ukiinuka nyuzi 3 tu, gololi ya mfano wetu inafika mbele zaidi kwa sentimita 1 na ushee, na alama zote za inapoangukia bado zinakusanyika vizuri mahali pamoja. Unaona alama zimebanana, unadhani kazi ni safi, kumbe zote zimekosea kwa kiasi kilekile.

Ning'iniza timazi (uzi wenye kizito) kutoka mwisho wa reli na uweke alama sakafuni. R hupimwa kutoka hapo, si kutoka mguu wa meza. Kimo h ni kutoka chini ya gololi ikiwa mwisho wa reli hadi kwenye karatasi. Rusha mara moja au mbili kwanza ujue inaangukia wapi, ndipo ubandike karatasi nyeupe kwa selotepu na kuifunika kwa karatasi ya kaboni, upande wenye wino ukitazama chini. Achia gololi mara 10 kutoka alama ileile juu ya reli. Izuie kwa rula kisha uondoe rula haraka. Ukiiachia kwa vidole, utaisukuma bila kujua.

Kosa la sentimita 1 kwenye R ya sentimita 60 linapeleka kosa la asilimia 1.7 kwenye v. Kosa hilohilo kwenye h ya sentimita 80 linaleta asilimia 0.6 tu, maana h imo ndani ya kipeuo cha pili. Basi umakini wako mwingi uende kwenye R.

Ukitaka grafu, badilisha h bila kugusa mahali pa kuachilia, kisha chora R² dhidi ya h. Utapata mstari mnyoofu wenye mwinamo wa 2v²/g, ambao kwa namba zetu ni mita 0.45. Usipopita kwenye sifuri, kagua ulivyopima h, na ule mwisho wa reli.

Usishangae v ikiwa ndogo kuliko √(2gH), H ikiwa kimo gololi ilichoshuka kwenye reli. Sehemu ya nishati huenda kwenye kuzunguka. Gololi isiyo na uwazi ndani inayobiringika bila kuteleza kwenye uso bapa hufikia √(10gH/7), takriban asilimia 85 ya ile ya kwanza, na kwenye reli yenye mfereji hushuka zaidi.

Mlinganyo wa R = v² sin 2θ / g usiulete hapa. Ni wa kitu kinachotua kwenye kimo kilekile kilikorushiwa; weka θ, pembe ya kurushia, iwe 0 uone: unakupa sifuri, na gololi iko sentimita 60 mbele.