Kisu cha kukunja cha zamani kilichoganda: usikipeleke kwenye grainda

Ndugu uliyeuliza kuhusu kisu cha Sheffield, mji wa Uingereza wa wafua visu, ulichokiokota soko la Darajani hapa Unguja, chenye mpini wa mfupa na bapa lililogandia ndani, ukaambiwa ukakipige grainda king'ae: tafadhali usikubali. Thamani ya kisu kama hicho ni chuma kilichobaki na chapa iliyogongwa kwenye shina la bapa, na grainda hula vyote viwili kwa dakika chache. Tena makali ni membamba, joto halina pa kukimbilia. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu kimefika kama nyuzi 220 za Selsiasi; kikiwa buluu kiko karibu na 300, na ugumu wake umeondoka. Utakinoa asubuhi, jioni kibutu.

Anza kwa kukijua. Chuma kisichoshika kutu kiliingia kwenye visu vya Sheffield baada ya kazi ya Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa mji huo, mwaka 1913, kwa hiyo bapa la kabla ya hapo ni chuma cha kaboni tu. Vya baadaye mara nyingi vimegongwa STAINLESS, INOX au ROSTFREI, yote yakimaanisha kisichoshika kutu. Neno ENGLAND kwa kawaida huonyesha kisu cha kuanzia 1891, sheria ya ushuru ya Marekani ilipoanza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Lakini kukosekana kwake si ushahidi wa uzee, maana si vyote vilipelekwa Marekani. Alama ya mshale mpana ni ya mali ya serikali ya Uingereza, hasa jeshi. Chapa ikiwa haisomeki, usiisugue. Ipake mafuta kidogo, mulika tochi kutoka ubavuni, herufi zitajitokeza.

Kufungua ndiko kunakovunja visu vingi. Changanya mafuta ya taa na mafuta ya cherehani nusu kwa nusu, dondosha kwenye kiungo pekee, ukisimamishe kiungo kikiwa chini. Usikizamishe chote, kwani mfupa hunyonya mafuta ukawa na madoa ya manjano yasiyotoka. Rudia asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Kisha zungushia bapa kipande cha ngozi, shika kwa koleo, livute aste aste, ukilirudisha kila linaposogea kidogo. Likikataa, ongeza mafuta na subiri. Ukilazimisha, springi ya mgongoni hupasuka kwenye tundu la ribiti (kipini cha chuma kinachoshikilia sehemu za kisu), na springi hiyo hupati dukani. Vidole viwe mbali na njia ya makali, maana likiachia huachia ghafla.

Ndani utakuta tope jeusi la kutu na mafuta yaliyokauka. Kifaa kizuri kuliko vyote hapa ni chelewa ya ufagio: inaingia kati ya mabamba ya shaba yaliyo ndani ya mpini, haiyakwaruzi. Chonga ncha, zungushia uzi wa pamba, ukokote hadi mafuta yatoke masafi.

Sasa kutu. Kutu nyekundu inaendelea kula. Weusi au ukijivu laini ni ngozi inayolinda chuma, uache. Nyekundu iondoe kwa ukingo wa kipande cha shaba, kisha stiliwaya namba 0000 yenye mafuta. Msasa, tena wa namba 800 kwenda juu, ni kwa mashimo yaliyochimbwa na kutu tu, kamwe si juu ya chapa. Kisiwani kutu hurudi baada ya wiki kwa sababu ya chumvi iliyojificha kwenye mashimo hayo. Itoe kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, mara mbili au tatu, ukikausha upesi na kupaka mafuta. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, yatakuongezea ugonjwa. Ndimu nayo siipendekezi: asidi haibagui kutu na chuma kizima, na ikishaingia kwenye kiungo hutaifikia kuiosha.

Bapa likicheza huku na huku, weka kichwa cha ribiti juu ya fuawe, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Mapigo mawili, jaribu, mawili, jaribu. Ukizidisha, kisu kitakaza na kukilegeza ni kazi kubwa kuliko ya mwanzo. Makali yakigusa springi kisu kikifungwa, usipige tupa kisigino cha bapa, ile nundu ndogo karibu na kiungo: ndicho kinachoyanyanyua makali. Gundisha kijipande cha ngozi ndani.

Mfupa wenye nyufa ndogo uache. Ukilazimika kubadilisha, pembe ya ng'ombe au mpingo wa milimita 3 unafaa. Mpingo una mafuta yake, hivyo ufute kwa asetoni kabla ya gundi ya epoksi, na tundu lizidi ribiti kidogo sana, la sivyo utapasuka unapogonga. Magamba ya kasa na pembe za ndovu usinunue wala kuchonga. Biashara yake imekatazwa. Mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani) unaonuka ukali, huku shaba ikiota ukijani, uutenge na visu vingine haraka: mvuke wake huozesha bapa la jirani. Na ni kitu cha kushika moto, usiusogeze jikoni.

Mafuta ya nazi yanachacha na kunata kwenye kiungo. Tumia ya cherehani, au parafini ya maji ya duka la dawa kama unakatia matunda. Wajapani hutunza panga zao kwa mafuta mepesi yenye karafuu kidogo. Hata sisi tone moja la mafuta ya karafuu linatosha, ila lisiguse mpini wa plastiki. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, inashika unyevu. Kifunge kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta, ndani ya kopo la mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kaskazi kikague kila mwezi. Masika kila wiki.