Mzani umegoma kwenye kilo 84: rudisha chuma, punguza mbio, pima unga

Mkuu, umesema unakimbia kilomita 5 kila alfajiri hapa Mbeya na unakula mlo mmoja tu, jioni. Wiki tatu za kwanza ulitoka kilo 88 hadi 84, halafu mzani ukaganda wiki tano. Na chuma ulichokuwa unakiinua mara kumi sasa kinakushinda mara ya sita. Hilo la mwisho linanipa wasiwasi kuliko mzani, maana ni dalili kwamba huenda unapoteza misuli badala ya kitambi.

Kwanza, sehemu ya zile kilo nne ilikuwa maji. Ukipunguza wanga, akiba yake mwilini inaisha na maji yake yanatoka nayo. Pili, kilomita 5 kwa uzito wako ni kama kalori 400. Sahani moja ya chipsi mayai inazirudisha zote na kuzidi. Parachichi kubwa la Rungwe lenye nyama ya gramu 200 lina kalori 320 hivi. Ni chakula kizuri sana, lakini kula nusu. Mafuta ya kupikia ndiyo yanayowaangusha wengi: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na mboga ikikaangwa kwa kumimina tu, vijiko vinne vinapita bila mtu kujua.

Chakula ndicho kipunguze mafuta, chuma kilinde misuli, mbio zisaidie tu. Kwa siku: mayai 3, maziwa nusu lita, maharage yaliyoiva kikombe kimoja, nyama isiyo na mafuta gramu 150 (ipimwe mbichi), dagaa wakavu gramu 40, unga wa dona gramu 200, mafuta vijiko vikubwa 2, na mboga za majani kadiri utakavyo. Hapo unapata protini karibu gramu 120 na kalori kama 2,200. Gawanya mara tatu. Unga upime ukiwa mkavu, kabla haujaingia kwenye sufuria, kwa sababu ugali uliokwisha songwa una maji na hauna kipimo cha kuaminika.

Chuma siku tatu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Skwati, kuinua chuma kutoka sakafuni, kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kusukuma juu ya kichwa. Kila zoezi seti 3 za marudio 6 hadi 10, pumzika dakika 2 au 3, na uache ukiwa bado una marudio mawili mwilini. Tafadhali usihamie vyuma vyepesi vya marudio 30 ukidhani ndivyo "vinavyokata" mafuta. Uzito mkubwa ndio unaouambia mwili kwamba misuli hii bado ina kazi. Ukiupunguza huku unakula kidogo, mwili hauna sababu ya kuitunza.

Mbio zibaki mara mbili, Jumanne na Jumamosi, dakika 40, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo usijilinganishe na muda wa mtu wa Dar. Kupanda mlima kwa kutembea haraka kunatosha kabisa. Wakati wa kushuka usikimbie, kwani mteremko unaumiza mapaja na magoti, na Jumatatu skwati haitakwenda.

Jipime kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa wiki kwa wiki. Mzani wa siku moja hubadilika kwa chumvi na maji tu. Pima na kiuno kwa futikamba usawa wa kitovu. Lengo ni kushuka nusu kilo hivi kwa wiki. Ukirudi kwenye chuma, mzani unaweza kupanda siku chache kwa maji ya misuli, usishtuke. Wiki tatu zikipita bila wastani wala kiuno kusogea, toa gramu 50 za unga, usiguse nyama wala mayai. Kama unatumia dawa za kisukari au presha, ongea na daktari wako kabla ya kubadilisha chochote, kwani dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.