Simu mpya, kangomba, na mstari mmoja kuhusu mama

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, Mkatoliki, naimba kwaya hapa Mtwara mjini. Nafanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa kutuma na kutoa hela, mshahara 180,000 kwa mwezi. Shida yangu ni tamaa ya vitu. Mwenzangu akija na viatu vipya Jumapili, mimi misa yote naangalia viatu. Tukirekodi nyimbo za kwaya wenzangu wanatoa simu kali, mimi nilikuwa na kitochi, naambiwa nishike mikoba. Msimu huu wa korosho ndiyo kabisa, kutwa nahesabu mamilioni ya watu halafu narudi chumbani kula ugali na dagaa. Nimefunga, nimesoma mistari yote ya kuridhika, nimeungama tamaa mara nne tangu Pasaka. Mwezi wa saba nilinunua simu ya 480,000 nikidhani roho itatulia. Niliongezea na hela kidogo aliyotuma kaka kwa ajili ya vibarua wa shamba la mama Tandahimba, mama akajisaidia kwa kangomba, ila hilo limeshapita. Simu yenyewe sasa siifurahii, limetoka toleo jingine. Shangazi, kijana Mkristo anaridhikaje dunia hii? Kupenda vitu vizuri ni dhambi?*

*Mwanakwaya, Chikongola*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyotaka isomwe, barua ya binti mcha Mungu anayepigana na tamaa. Mara ya pili nikakwama kwenye ule mstari wa "hela kidogo" na sikuweza kutoka hapo. Ndiyo maana nilikutumia ujumbe kukuuliza ni kiasi gani. Ukanijibu baada ya siku mbili: kaka alituma 250,000, wewe ukamwambia mama hajatuma kitu. Mama akachukua 200,000 kwa mtu wa kangomba, kwa ahadi ya kumpa kilo 200 msimu ukifika. Na msimu ndio huu, umefika.

Kwa wasomaji wa mbali na kusini: kangomba ni pale mkulima aliyebanwa anapouza korosho zikiwa bado mtini, au anapochukua hela sasa na kulipa kilo baadaye, kwa bei anayoipanga mwenye hela. Imepigwa marufuku miaka na miaka, na haijaisha, kwa sababu shida ya mwezi wa saba haisubiri mnada wa mwezi wa kumi.

Sasa wewe ni mtu wa hesabu, tuhesabu wote. Mama yako ameuza kwa 1,000 kwa kilo. Tuseme mnada uishie 3,000. Korosho zile zina thamani ya 600,000. Yeye alipata 200,000. Amepoteza 400,000 kwa kupalilia shamba ambalo mwanawe wa kiume alikwisha lipia vibarua wake. Weka juu ya ile 480,000 ya dukani, ambayo 250,000 za kaka zimo ndani yake. Hiyo 880,000 ndiyo bei ya simu yako.

Usilie bado. Nataka uone kwanza kwa nini kuungama mara nne hakukusaidia. Umekwenda kwenye kitubio ukasema "nina tamaa ya mali". Padri atafanya nini na hilo? Kila aliyekaa kwenye foleni nyuma yako ana tamaa ya mali. Ni dhambi pana kama Bahari ya Hindi, mtu anaweza kuogelea humo mwaka mzima asiguse chini. Ulichofanya wewe kina jina fupi, kina tarehe na kina tarakimu. Kama ungesema "nilichukua 250,000 za kaka nikamdanganya mama", padri asingekuambia usali tu. Angekuuliza utazirudisha lini.

Mkumbuke Zakayo. Tukiwa wadogo tulimwimba kwa ufupi wake na mti aliopanda, tukasahau maneno yake. Aliposhuka hakusema ataanza kuridhika, wala hakuomba aondolewe tamaa. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Roho yake ilitulia siku hiyohiyo, nyumbani kwake, mgeni akiwa bado hajaondoka.

Kwa hiyo swali lako la kuridhika nitalijibu, lakini ujue kwamba sehemu kubwa ya huko kutotulia unakokuita tamaa mimi naona ni dhamiri inayobisha hodi. Huifurahii simu kwa sababu kila ukiishika unajua imetoka wapi. Hata lingetoka toleo la dhahabu ungejisikia hivyohivyo.

Kupenda vitu vizuri siyo dhambi. Una miaka 24, hukuweka nadhiri. Na hata walioweka nadhiri, nenda Ndanda ukatazame. Wabenediktini wapo pale tangu 1906, na mtawa hana hata kalamu anayoweza kuiita yangu. Lakini monasteri ina hospitali na ina karakana zenye mashine ambazo mafundi wengi wa mjini wanazitamani. Hawaogopi vitu, na kitu kizuri wanakitunza mpaka kinamzeesha aliyekileta. Ila hakuna anayezunguka na mashine ya kuranda mbao ili aonekane.

Hilo neno, kuonekana, ndilo ningetaka ulitafune. Katika barua yako hujaniambia simu hiyo inafanya nini. Hukusema inapiga picha za nani wala umejifunza nini kwayo. Umeniambia ulikuwa unashikishwa mikoba. Kilichokuuma ni kushikishwa mikoba, mwanangu, na kinauma kweli, sikatai. Na hapa nina neno na kwaya zetu pia. Sare mpya Pasaka, sare mpya Krismasi, asiyekuwa nayo anasogezwa nyuma ya besi asionekane kwenye video. Kisha Jumapili hiyohiyo tunasomewa habari za kuridhika. Viongozi wa kwaya mnaonisoma, mnanielewa.

Lakini wewe kati ya watu wote ndiye usiyestahili kudanganyika na kuonekana. Wewe ni wakala! Mimi nikimwona dada wa gauni la laki naona gauni. Wewe unamwona Jumatatu anakuja kibandani kutuma rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mikono inatetemeka, anaomba umkopeshe elfu tano ifike kiwango. Unajua nani anatoa hela yote siku ileile ilipoingia na kesho yake anauliza kama salio limebaki. Unajua mzee wa kanzu iliyofifia anayeacha milioni mbili zikae. Siri za mji mzima zinapita kwenye vidole vyako, halafu jioni unafungua status unaamini picha. Msimu huu, kila mtu akikutia wivu, jiulize umewahi kumhudumia dirishani au la. Kimyakimya, siri za wateja usizitoe.

Nami sikuandikii kutoka mbinguni. Gesi ilipoanza kuzungumzwa sana hapa kwetu, ile miaka mji ulipochafuka kwa ghasia 2013 na baada yake, wengi wetu tuliona Mtwara inakuwa kitu kingine. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982 na tulikuwa tumelala nayo bila kupagawa, ila safari hii tulipagawa. Nilikopa nikajenga vyumba vinne nje kidogo ya mji, vigae chini, choo cha ndani kila chumba, nikingoja wageni wa kampuni. Kanisani nilisema ni imani. Nilitoa hata ushuhuda. Bomba likazinduliwa 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam, wageni wakapungua, na mimi nikabaki na vyumba vinne na rejesho la kila mwezi. Chumba kimoja nilikuja kufugia kuku. Kuku wa kwenye vigae, mwanangu, wanateleza! Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, nami nilikasirika wiki nzima. Nilichojifunza ni kwamba sikuwahi kuvihitaji vile vyumba. Nilitaka shemeji yangu aache kunisemesha kama maskini.

Kuhusu mistari uliyoisoma: Mtume Paulo anapowaambia Wafilipi kwamba yuko radhi katika hali yoyote, anasema amejifunza. Hakuzaliwa nako wala hakuamka nako asubuhi moja. Na angalia mistari inayofuata: anawashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Yule mtu aliyeridhika alipokea vitu akashukuru, na ni barua ya mfungwa. Basi usidhani kuridhika ni kukataa. Kuna na ile sala ya kwenye Mithali sura ya 30, usinipe umaskini wala utajiri. Ile mimi naipenda kwa sababu anayeiomba anajiogopa pande zote mbili: akishiba atamsahau Mungu, akikosa ataiba. Ameijua nafsi yake. Isali hiyo, lakini usiku wa baada ya kufanya ninayokuambia hapa chini.

Simu iuze. Najua umetegemea niseme "iache iwe fundisho". Hapana, iuze wiki hii, maana kila wiki inashuka bei. Ukipata 300,000 shukuru. Kitochi chako kinapokea ujumbe na miamala vilevile.

Kabla ya kwenda kwa mama mpigie kaka. Hela ni yake na yeye ndiye uliyemfanya aonekane mwana asiyejali. Huenda mama ameshamlalamikia kwa majirani. Atafoka. Mwache afoke mpaka amalize, usiingize habari za kwaya wala mikoba. Mwambie utamlipa 30,000 kila mwezi, na ya kwanza uitume siku hiyohiyo.

Kisha panda gari la Tandahimba. Usimwambie mama kwa simu, na usimwambie mbele ya wadogo zako. Kaa naye mnapookota au mnapoanika, ni rahisi kusema mikono ikiwa na kazi. Mwambie kaka alituma. Anza na hilo, kwa sababu hilo ndilo litakalompa furaha kabla halijampa hasira.

Ya kangomba usiyaendee peke yako wala usimpeleke mama. Nyinyi ni watu wa kwetu, mna mjomba. Mjomba aende na 200,000 taslimu na kitu kidogo cha juu, azungumze na huyo mtu kiungwana. Asimtishe kwa polisi mwanzoni, ingawa yule bwana anajua vizuri amesimama upande gani wa sheria. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba mzigo, wakulima walihakikiwa mmoja mmoja ili wa kangomba wabainike, na malipo ya wengine yalivuka mwaka. Wafanyabiashara hao hawajasahau. Wengi wakiona hela yao mkononi na mjomba wa watu kakaa mkekani hatoki, wanapokea. Akikataa, basi apewe kilo zake kwa mwaka huu, na hilo pengo la 400,000 unalibeba wewe, siyo mama. Utalilipa taratibu baada ya kumaliza la kaka.

Halafu urudi kwenye kitubio mara ya tano, ukiwa na tarakimu.

Majilio yako karibu. Mimi ningekuwa wewe, wiki zote nne nisingefungua status za mtu, na kwenye sare ya Krismasi ningemwambia mwalimu wa kwaya waziwazi kwamba mwaka huu nitaimba na ya zamani, nina deni. Waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Nina hakika hutakuwa peke yako. Wapo wawili watatu kwenye sauti ya kwanza wanaosubiri mtu aanze.

Mtu mzuri wa kuuzia simu usimtafute kwenye kundi la kwaya, maneno yatakuwa mengi. Na toa laini kabla hujaikabidhi, wewe wakala wajua zaidi yangu.

Niandikie baada ya mnada wa pili. Nataka kujua kaka alisema nini, na mama amebakiwa na kilo ngapi.

Shangazi