Usifukie kabla ya bamvua

Juzi nimepita Maweni nikawakuta vijana wawili, majembe mkononi, wanamwaga mchanga juu ya sokopiti, lile shimo la kunyonyea maji yanayotoka kwenye septiki, tangi la uchafu wa choo. Bwana afya hajafika kukagua. "Atakuja Jumatatu mzee, na mwenye nyumba ana haraka." Nikawauliza, leo mwezi ngapi? Mmoja akachomoa simu, akanijibu kwa adabu zote: "Mwezi wa pili, mzee." Mimi namuuliza mwezi wa juu, yeye ananisomea kalenda! Basi nikageuza ndoo, nikakaa kitako, nikawazuia mchana mzima. Haya ndiyo niliyowaambia, ukitoa matusi.

1. Maji ya chini yapimwe siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Malindi hatuna mabomba ya mji ya majitaka, kila nyumba inabeba mzigo wake chini ya ua wake. Na chini ya ua ni mchanga, kisha matumbawe yenye nyufa na mapango. Ukichimba wakati wa kaskazi, mwezi wa juu una siku 8, maji mafu, bahari haijai sana, shimo litakauka mpaka utamani kulala humo. Rudi mwezi una siku 15, bamvua, katikati ya masika, uone. Visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka na bahari, na bibi zetu walilijua hilo kabla kontrakta wa kwanza hajavaa helmeti. Kitako cha sokopiti kikae angalau mita 1.5 juu ya alama ya juu kabisa ya maji. Kama ujazo hautoshi, panua shimo, usilizamishe.

2. Usifukie kabla ya kukaguliwa. Hili nalisema huku nikiona haya, kwa sababu mimi nilifukia.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, si mbali na bahari. Ramani iliyopigwa muhuri ilionyesha sokopiti upande wa barabarani. Nilipoanza kuchimba pale nikakuta jabali, sululu inaruka na cheche, na pembeni mwembe ambao mwenye nyumba hataki uguswe hata tawi. Nikahamia nyuma. Kule sululu ilizama kama kisu kwenye papai. Watu wa mkono wakaimba, nami nikajiona nimejaliwa. Nikamwaga mapipa 2 ya maji kupima unyonyaji, yakamezwa kabla sijamaliza sigara. Nikamwambia mwenye nyumba, "Sokopiti hii haitajaa mpaka kiama."

Sasa nisikilizeni vizuri, mafundi wenzangu, maana hapa ndipo wengi wenu bado mnashangilia. Maji yakimezwa haraka hivyo, hayakunywewa na ardhi. Yamepata mlango. Ule ulaini ulikuwa ufa wa matumbawe, na ufa hauchuji chochote. Uchafu unapita kama ulivyotoka chooni. Mchanga ndio unaochuja, tena polepole. Ile sheria yetu ya mkononi ya mita 30 kutoka kisimani inategemea ardhi inayochuja, na juu ya matumbawe yaliyopasuka hata mita 30 zisikupe usingizi. Mimi sikuwa nazo. Ng'ambo ya ukuta, hatua 18, palikuwa na kisima cha bibi mmoja. Nilikiona. Nilikunywa hata maji yake siku ya jua kali, akanipa kwa kata.

Bwana afya alikuwa aje Jumatatu. Ijumaa nikaweka slebu, nikarudisha mchanga, nikamwagilia usionekane mpya. Alipokuja nikamwonyesha septiki yenyewe, ambayo ilikuwa nzuri kweli, na kwa mkono wa ukarimu nikamwonyesha upande wa barabarani: "Sokopiti iko pale." Nililipwa. Nikanunua pikipiki.

Masika ikaingia. Bibi hakunipigia kelele. Alimtuma mjukuu wake aniite, akaniteka ndoo mbele ya macho yangu, akasema, "Mwanangu fundi, nusa." Nikanusa. Nikamwambia huenda ni majani yameoza. Astaghfirullah, nilimwambia hivyo mwanamke wa makamo ya mamangu, na ndani ya nyumba yake watoto wawili wanahara. Akanitazama tu, akaimwaga ile ndoo kwenye mchicha.

Aliyemaliza ubishi ni bwana afya. Alikuja na kifuko cha unga wa rangi, akaumimina chooni kwa mteja wangu asubuhi, akavuta maji mara kadhaa. Baada ya laasiri bibi akateka ndoo, ikatoka kijani kibichi kama juisi ya harusini. Watu wa mtaa mzima walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyecheka.

Nikaandikiwa notisi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inaruhusu hivyo, na gharama ni ya aliyeleta kero. Nilifukua, nikaziba ule ufa, nikarudi barabarani kulipasua jabali siku 9. Kisima kikatiwa dawa mara kadhaa, na muda wote huo nikawa namletea bibi maji ya kununua, mitungi 10 kwa mkokoteni kila alfajiri, nikiusukuma mwenyewe kwa sababu pikipiki nilikuwa nimeshaiuza.

3. Usiingie shimoni. Septiki iliyowahi kutumika si mahali pa mtu, hata ikiwa tupu. Harufu ya mayai viza ikipotea ghafla gesi haijaondoka, ni pua iliyokufa, na wewe unafuata. Kitambaa mdomoni si kinga. Na lile jambo la wazee la kushusha taa kuona kama kuna hewa, mliache, mle kuna gesi inayolipuka. Mwenzako akianguka usimrukie: wa pili hufa juu ya wa kwanza. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaja mwajiri, yaani wewe uliyemwambia kijana "shuka mara moja tu".

4. Chumba cha kwanza cha septiki theluthi mbili ya urefu, T (kile kipande cha bomba chenye umbo la herufi T) kuingilia na kutokea, bomba la kutoka liwe chini ya la kuingia kwa inchi 2 au 3, manholi kila chumba, maji ya paa yasiingie kamwe. Mnayajua haya, na bado mnasahau T.

5. Tangi la plastiki lijazeni maji mnavyofukia. Nimeona moja limeibuka usiku wa mvua kama pomboo, na mabomba yote mdomoni.

6. Mkipata kazi Lamu, mji mkongwe, ulizeni kwanza nani atakuja kunyonya septiki ikijaa, na kwa njia gani, maana gari haliingii kwenye vichochoro vya punda. Na ukuta msitoboe kabla ya kuonana na watu wa Makumbusho. Mji ule ni urithi wa dunia tangu 2001.

Wale vijana wa Maweni wamekubali kungoja, kwa kununa. Jumatatu itakuwa karibu na bamvua, nami nitakuwepo na futi yangu. Nikitoka pale nitapitia kwa bibi, kama ninavyofanya kila bamvua kubwa. Siku hizi haoni vizuri, lakini akisikia kobazi zangu mlangoni huita, "Fundi, umekuja kunusa?"